Somo: Kitabu cha risiti kwa tunaouzia nyumbani

Hili ni kwa sisi tunaouza vipodozi na vyombo vya plastiki sebuleni, au tunaopita na begi mlango kwa mlango.

Hatua ya 1: Angalia wateja wako wanalipaje. Hapa ndipo wengi tunapigwa. Tunafika stesheneri, tunabeba kile kitabu kidogo cha "Nimepokea kutoka kwa...", ambacho kinamfaa mwenye nyumba anayepokea kodi. Mteja wangu mmoja alichukua seti ya vyombo ya 45,000, akatanguliza 20,000. Nikaandika 20,000, basi. Mwisho wa mwezi yeye anasema tulipatana 40,000, mimi nashikilia 45,000, na karatasi haisemi kitu. Nilimwachia ile 5,000, ila hajarudi tena. Siku hizi nataka kitabu chenye bidhaa, idadi, bei, jumla, alicholipa na BAKI. Kama safu ya baki haipo, piga mstari kwa rula.

Hatua ya 2: Nakala. Vya kaboni ni bei nafuu, lakini ukigeuza kaboni upande, unachapa mgongoni mwa risiti ya mteja na nakala yako inabaki nyeupe. Vile vinavyojinakili vyenyewe ni ghali kidogo. Weka kadi ngumu chini ya nakala, la sivyo maandishi yatatokea hadi risiti tatu za mbele. Andika kwa kalamu ya kawaida, kandamiza.

Hatua ya 3: Namba ziwe zimechapwa kwa mfululizo. Ukikosea usichane. Andika IMEFUTWA, risiti na nakala yake zibaki kitabuni.

Jina, simu na TIN (namba ya mlipakodi)? Mhuri unatosha, usikimbilie kuchapisha vitabu ishirini kabla biashara haijasimama.

MASWALI

Dada, mauzo yangu ni ya kuungaunga. TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wananihusu kweli?

Wanakuhusu, na risiti zinakuokoa. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 kwa mwaka asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa 3% ya kinachozidi milioni 4. Tuseme umeuza milioni 5: ni 30,000. Hiyo tofauti inanunua vitabu vya kutosha. Mauzo yakikua, kaulize mapema habari za EFD, ile mashine ya kutoa risiti za kielektroniki, maana kitabu cha mkono hakitakutosha.

Mteja akilipa kwa simu, meseji si inatosha?

Meseji inaonyesha hela imeingia, haionyeshi umeuza nini. Andika risiti, kisha namba ya muamala pembeni.

Kampuni ninayouzia imenipa kitabu chake. Naweza kuandikia na vitenge vyangu?

Hapana mdogo wangu. Siku ya kufunga hesabu utashindwa kujua ipi yao, ipi yako. Vitenge vitafutie kitabu chake.

Na vilivyojaa nivitupe lini?

Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Vyangu nimevifungia kwenye ndoo ya mfuniko. Vya mwanzo niliviweka chini ya kitanda, panya wakavimaliza.