Bustani ya mboga kwenye kiwanja cha kuazima Dar es Salaam: anza na matuta mawili

Dar es Salaam ina viwanja vingi ambavyo wenyewe bado wanatafuta hela ya kujenga. Kwa sisi tunaoishi nyumba za kupanga, hivyo ndivyo mashamba yetu. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeruhusiwa kulima kiwanja cha namna hiyo, kimejaa majani, naye ana jembe na saa moja asubuhi na jioni.

Ushauri wangu mkubwa nautanguliza: usilime kiwanja chote. Tengeneza matuta mawili, kila moja upana mita 1 na urefu mita 5, ule mboga zake ndipo uongeze. Udongo wetu wa kichanga unakula samadi na maji. Ukivitawanya kiwanja kizima, havitoshi popote.

Hatua ya 1: Elewana na mwenye kiwanja

Zungumza na mwenyewe hasa, si mlinzi peke yake. Mwambie utapanda mboga za muda mfupi tu, hutapanda mti. Mpapai au mgomba humtia mtu hofu kwamba unajimilikisha, na hofu hiyo ni ya haki. Ombeni mjumbe awe shahidi, na ukubaliane na mwenye kiwanja akupe taarifa ya mwezi mmoja akitaka kuanza ujenzi. Mwezi mmoja unatosha kuvuna mchicha uliokwisha kuota.

Hatua ya 2: Onja maji

Visima vingi vya mjini, hasa karibu na bahari, vina chumvi. Kama ulimi unaisikia chumvi, achana na maharage, karoti na vitunguu. Spinachi huvumilia vizuri, mchicha nao hujitahidi. Maji ya mfereji unaopitisha maji taka usiyaguse kabisa, hata kama jirani anayatumia. Mboga za majani huliwa zikiwa changa, na uchafu wake unaingia jikoni kwako.

Hatua ya 3: Ng'oa ndago, usiikate

Hapa ndipo bustani nyingi mpya zinapofia. Ndago ukiitazama juu ni majani membamba tu. Fukua taratibu kwa uma wa shamba, uifuate chini: utakuta viazi vidogo vyeusi vimeungana kwa mzizi mwembamba, kimoja baada ya kingine, kama shanga kwenye uzi. Uzi huo ukiukata kwa jembe, viazi vilivyokuwa vimelala vinaamka na kila kimoja kinachipua. Kwa hiyo legeza udongo, uvute mnyororo mzima, uutie kwenye kiroba na kuutoa shambani. Usiutupe kwenye rundo la mboji. Hutaimaliza mara moja. Rudia kila inapochomoza.

Ukiwa unafukua, chungulia mizizi ya majani mengine unayoyang'oa. Ikiwa na vinundu vilivyovimba, huenda minyoo fundo, yaani minyoo midogo mno inayoshambulia mizizi, imo kwenye udongo. Nyanya, bilinganya na nyanya chungu zisubiri.

Toa pia mabaki ya saruji, misumari na mifuko ya plastiki.

Hatua ya 4: Tuta au jaruba?

Hutegemea msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, inua tuta sentimita 20 ili maji yasituame. Kiangazi fanya kinyume: chimba jaruba, yaani kitalu kilichoshuka kidogo chini ya usawa wa njia, maji unayomwaga yabaki kwenye mizizi. Upana uwe mita 1 tu, ufike katikati kwa mkono bila kukanyaga.

Kila tuta litie madebe mawili ya samadi ya ng'ombe, au moja la samadi ya kuku, uchanganye na udongo wa juu. Samadi iwe imeoza. Ingiza mkono ndani ya rundo: ukisikia joto, au harufu ikikuchoma pua, isubiri. Samadi mbichi ya kuku huunguza miche.

Hatua ya 5: Panda mchicha na matembele

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hivyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwenye mistari iliyoachana sentimita 20. Funika na udongo kiasi cha kuzificha tu. Huota baada ya siku 3 hadi 5.

Tuta la pili liwe la matembele, na lichague pale ndago ilipokuwa nyingi. Omba marando, yaani mashina ya viazi vitamu yanayotambaa, kwa jirani, kata vipande vya sentimita 30, fukia nusu, uachanishe sentimita 25. Yakitambaa yatafunika ardhi, na ndago haipendi kivuli.

Hatua ya 6: Mwagilia na ulinde

Jua likiwa kali, tuta la mita 5 linahitaji ndoo ya lita 20 asubuhi na nyingine jioni. Tumia keni yenye matundu madogo, vinginevyo mbegu zitasombwa. Tandaza nyasi kavu kati ya mistari, na zungushia chandarua kikuukuu kuzuia kuku.

Hatua ya 7: Vuna na ongeza

Mchicha ng'oa wiki ya 3 au ya 4, ukianza na sehemu zilizobanana. Matembele chuma ncha tu, yatachipua tena. Tuta la mchicha likiwa wazi, ongeza debe moja la samadi, kisha panda bamia: loweka mbegu usiku mmoja, weka mbili kila shimo, sentimita 40 kwa 60. Zikianza kuzaa, chuma kila baada ya siku mbili kabla hazijakomaa, na hapo ndipo uchimbe tuta la tatu.