Namna ya Kufuatilia Gharama za Matibabu na Marejesho ya Akaunti ya FSA

Mfanyakazi wa Marekani aliyejiunga na akaunti ya FSA (Flexible Spending Account) ya matibabu kupitia mwajiri wake hukatwa sehemu ya mshahara kabla ya kodi, na fedha hizo hutumika kumrejeshea gharama ambazo bima haikulipa. Kikomo cha makato ya mwaka 2025 kilikuwa dola 3,300, na cha mwaka 2026 ni dola 3,400. Wengi hupoteza sehemu ya fedha hizo kwa kukosa kumbukumbu moja inayoonyesha kilicholipwa, aliyekilipa na kinachosubiri kurejeshwa.

Anza na jedwali kwenye kompyuta, au daftari kama hilo ndilo utakalolifungua kweli. Kila mstari uhusu huduma moja iliyotolewa na mtoa huduma mmoja kwa siku moja, kwa maana upasuaji mmoja tu unaweza kukuletea ankara za daktari, maabara na hospitali, kila moja kwa wakati wake. Andika tarehe ya huduma, jina la mgonjwa, mtoa huduma, aina ya huduma, kiasi kilichotozwa, kiasi kilicholipwa na bima na kiasi kilichobaki kwako. Kisha acha nafasi ya njia uliyolipia, tarehe ya kuwasilisha dai, namba ya dai, kiasi kilichorejeshwa na siku fedha zilipoingia benki.

Tarehe ya huduma ndiyo inayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Kwa kawaida gharama huhesabiwa siku mgonjwa alipohudumiwa, hata kama ankara ilichelewa au malipo yalifanyika miezi kadhaa baadaye. Ukimwona daktari tarehe 18 Desemba, ukapata ankara Januari na kuilipa Februari, gharama hiyo ni ya mwaka uliopita na hudaiwa kwenye salio la mwaka huo. Nyaya za kunyoosha meno zina utaratibu wa pekee, kwa sababu mpango wa FSA unaweza kurejesha malipo ya awali ingawa matibabu yenyewe yataendelea kwa muda mrefu.

Usikimbilie kuwasilisha dai mara tu ankara inapofika. Subiri taarifa ya bima inayoeleza kiasi kilichokubaliwa, sehemu iliyolipwa na sehemu inayomhusu mgonjwa, kwa kuwa FSA hurejesha sehemu hiyo ya mwisho peke yake. Taarifa hiyo pia ni ushahidi mzuri kuliko karatasi ya mashine ya kadi, ambayo huonyesha kiasi bila kutaja huduma. Stakabadhi inayokubalika hutaja mtoa huduma, mgonjwa, tarehe, aina ya huduma na kiasi. Ipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wa risiti nyingi za dukani hufifia kabla mwaka haujaisha.

Dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, pamoja na bidhaa za hedhi, zimekubalika tangu sheria ya CARES, ya nafuu ya janga la korona, ya mwaka 2020, kwa hiyo risiti ndogo ndogo za duka la dawa nazo zinastahili mistari yake. Malipo ya kila mwezi ya bima hayakubaliki.

Kadi ya FSA hurahisisha malipo, lakini msimamizi wa mpango anaweza bado kukutaka uthibitishe matumizi, na usipojibu kadi husimamishwa. Andika malipo ya kadi kwenye jedwali lile lile na uyatie alama wazi, ili usije ukayadai tena kana kwamba ulilipa kutoka mfukoni. Hospitali ikikurudishia fedha baada ya FSA kukulipa, iarifu ofisi inayosimamia mpango, kwa sababu kiasi hicho si chako mara mbili.

Salio lihesabiwe kutokana na kiasi ulichochagua kukatwa kwa mwaka mzima, ukitoa malipo ya kadi na marejesho uliyokwisha kupata. Usilihesabu kwa makato ya mshahara yaliyofikiwa. Aliyechagua dola 2,400 na kukatwa dola 200 kila mwezi anaweza kurejeshewa gharama ya dola 1,500 mwezi Februari, kwani kiasi chote hupatikana tangu siku ya kwanza ya mwaka wa mpango.

Soma masharti ya mpango wako kabla ya Desemba. Baadhi ya waajiri huruhusu salio kuhamia mwaka unaofuata, kwa kikomo cha dola 660 kutoka 2025 kwenda 2026. Wengine huongeza muda wa kutumia fedha usiozidi miezi miwili na nusu. Na wengine hawatoi nafuu yoyote, hivyo salio hupotea. Nafuu hizo mbili hazitolewi pamoja. Muda wa kuwasilisha madai ya huduma za zamani ni jambo jingine, kwa hiyo andika juu ya jedwali tarehe ya mwisho ya kutumia fedha na ile ya mwisho ya kuwasilisha madai.

Ukiacha kazi, kwa kawaida huduma utakazopata baada ya ushiriki wako kukoma hazilipwi, isipokuwa uendelee na mpango kwa taratibu zinazoruhusiwa. Huduma za kabla ya hapo bado unaweza kuzidai hadi mwisho wa muda uliowekwa, na ikiwa ulikwisha kurejeshewa zaidi ya ulichokatwa, mwajiri hana haki ya kukudai tofauti hiyo.