Kutundika na Kutunza Picha ya Mama wa Msaada wa Daima katika Nyumba ya Bagamoyo

Nakala nyingi za picha ya Bikira Maria Mama wa Msaada wa Daima zinazotundikwa majumbani ni karatasi iliyochapwa, na karatasi hiyo, kwa hali ya hewa ya Bagamoyo, huharibiwa na unyevu unaojificha nyuma yake kabla haijapata hata kuzeeka. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye nyumba ni kuipatia picha hewa.

Unaponunua, kagua kwanza kama picha imekamilika. Picha ya asili, iliyochorwa juu ya ubao na inayotunzwa na Waredemptoristi, shirika la watawa wa Kikatoliki, mjini Roma tangu mwaka 1866 kwa agizo la Papa Pio wa Tisa, ina malaika Mikaeli upande wako wa kushoto akiwa na mkuki na sifongo, na Gabrieli upande wa kulia akiwa na msalaba na misumari. Mtoto amegeuza uso upande wa msalaba huku ameung'ang'ania mkono wa Mama kwa mikono yake yote miwili, na kiatu chake kimoja kimechomoka, kinaning'inia kwa ugwe. Mafundi wengine hukata kingo ili picha iingie kwenye fremu waliyo nayo, na hapo malaika hupoteza mabawa. Mwambie fundi atengeneze fremu ya kuifuata picha.

Mwambie pia aweke ukingo wa karatasi nene kati ya picha na kioo, kwa sababu karatasi iliyogusana na kioo hunata wakati wa masika na haibanduki bila kuchanika. Picha ishikizwe upande wa juu tu, ipate nafasi ya kutanuka, na selotepu isitumike kabisa.

Kuhusu ukuta, chagua wa ndani, usiopakana na bafu wala kupigwa na mvua. Katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, mahali ambapo rangi inabanduka au unga mweupe wa chumvi umejitokeza hapafai, hata kama ndipo panapopendeza zaidi. Gundisha vipande vya raba vya unene wa sentimita moja kwenye pembe mbili za chini, nyuma ya fremu, ili hewa ipite. Raba ya kandambili kuukuu inafaa sana. Anayeona si heshima atumie kizibo cha chupa.

Picha isitazamane na dirisha lenye jua, kwani wekundu wa nguo ya Mama hufifia mapema na picha yote ikabaki na ubuluu uliopauka. Mshumaa ukae mbele, mbali kidogo, usiwe chini ya fremu. Unapofuta kioo, lowesha kitambaa, usimwagie kioo maji.

Kila mwaka, masika yakishaisha na kabla ya sikukuu yake ya tarehe 27 Juni, ishushe picha na ufungue nyuma. Ukikuta madoa ya ukungu, iache karatasi ikauke kivulini, kisha uyapanguse taratibu kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Hadibodi ya nyuma ya fremu ikiwa imelowa itupwe, ikatwe nyingine.