Kuchagua kifaa cha kuchanja kuni nyumbani: pima gogo kwanza, bei baadaye

Mkorosho mzee ukiangushwa Newala au Tandahimba, unakuachia shina fupi, nene, lililopinda na kujaa panda. Kuni za namna hiyo ndizo zinazoumbua mashine iliyonunuliwa kwa kuangalia stika inayotaja tani, yaani nguvu yake ya kusukuma gogo. Fuata mpangilio huu kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Pima. Chukua futi kamba, pima gogo nene kuliko yote kwenye lundo, siyo la wastani. Andika unene, urefu na aina ya mti. Mwembe nyuzi zake mara nyingi zimepindana, kwa hiyo unataka nguvu zaidi ya mkorosho ulionyooka. Shina la mnazi usilihesabu kabisa: halipasuki, linachambuka kama kamba.

Hatua ya 2: Fupisha. Kata vipande vya sentimita 30 hadi 35. Gogo la sentimita 60 linaloshinda shoka mara nyingi hukubali likikatwa nusu, na msumeno ni nafuu kuliko tani za ziada. Kata mahali ambapo panda itabaki kwenye kipande chake peke yake. Pasua kuni zikiwa bado na unyevu, mvua zikiisha, kisha ziache upepo wa kusi uzikaushe hadi Oktoba. Zikikauka nzima nzima huwa ngumu zaidi kupasua.

Hatua ya 3: Jaribu kwa mkono. Kwa kuni za jiko la familia moja, vifaa hivi vinatosha:
- shoka la kupasulia lenye kichwa cha kilo 2.5 hadi 3.5 na mpini wa sentimita 80 hadi 90
- kabari mbili za chuma
- nyundo ya kilo 4
- miwani ya kukinga macho

Shoka jembamba la kukatia miti linazama na kunasa. La kupasulia lina mashavu mapana yanayosukuma kuni pembeni. Tafuta ufa kwenye uso wa gogo, piga kwenye ufa huo. Gogo nene lianze ukingoni, vipande vitoke kama unavyomenya, usipige katikati. Kabari moja ikinasa, ya pili ndiyo ya kuiokoa, ndiyo maana tunasema mbili. Kichwa cha kabari kikitanuka kama uyoga, kipige tupa au jiwe la kunolea: kingo zile hukatika na kuruka kama risasi. Shoka lisigeuzwe kabari ya kugongwa na nyundo, tundu la mpini litapasuka.

Hatua ya 4: Ukihitaji mashine, hesabu tani mwenyewe. Muulize muuzaji kipenyo cha ndani cha silinda na shinikizo la pampu. Silinda ya inchi 4 kwa shinikizo la baa 207 inatoa takriban tani 17. Ya inchi 5, takriban tani 27. Akikuambia ya inchi 4 ni tani 30, stika inaongopa.

Mashine ndogo ya umeme ya tani 5 hadi 7 inafaa magogo yaliyonyooka yenye unene wa hadi sentimita 25 hivi. Kwa panda za mkorosho, nenda kwenye ya petroli ya tani 20 au zaidi, na uichangie na majirani, maana itakaa bure muda mwingi wa mwaka.

Mota ya wati 2,200 inavuta karibu ampea 10. Ukiiunganisha na waya mwembamba wa ekstensheni, itanguruma bila kuzunguka mpaka iungue. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, usiozidi mita 20, ukiwa umekunjuliwa wote.

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea fremu yenye jeki ya tani 10. Ni polepole, lakini inapasua. Hakikisha jeki inasimama wima, maana nyingi zikilazwa hazisukumi. Koni inayozunguka na kujipenyeza kwenye gogo tusiipeleke nyumbani: inakamata kanga au mkono wa shati, na gogo lenyewe linaweza kuzunguka nayo.

Hatua ya 5: Kagua dukani. Nenda na gogo lako. Angalia kama oili inavuja pale pistoni inapotoka. Kama mashine ina skrubu ya kutolea hewa kwenye tangi, ilegezwe mizunguko michache kabla ya kuwasha. Ukisahau, hewa inabanwa na sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, zinapasuka. Mashine salama inataka mikono yote miwili ishike vidhibiti: aliyefunga kimoja kwa waya ili apate mkono huru, usinunue kwake.

Mtwara mjini na Lindi, chumvi ya bahari ndiyo adui. Kila ukimaliza, rudisha pistoni ndani na upake oili sehemu inayong'aa. Ikiachwa nje usiku kucha, kutu yake itaikwaruza sili, na wiki chache baadaye utaona oili chini ya mashine.