Somo: kusubu chubwi zako mwenyewe za risasi kwa ajili ya mshipi

Wavuvi wenzangu habari zenu. Wengi mmeniomba nielekeze namna ya kusubu chubwi nyumbani, yaani kuyeyusha risasi na kuimimina kwenye moldi (kalibu) ipate umbo la kile kizito kinachozamisha mshipi, nikawa nasita maana risasi, hii metali nzito na sio ya bunduki, ni sumu na ikiyeyuka inaunguza vibaya sana, ila naona bora niandike nnachokijua kuliko mtu abahatishe.

Anza na risasi yenyewe. Mabomba ya zamani ya maji yaliyotengenezwa kwa risasi yanafaa, na vile vyuma vidogo vya kubalansi matairi pia. Risasi safi ni laini, ukiikwaruza kwa ukucha inaacha alama. Ya matairi ina antimoni (metali nyingine inayochanganywa nayo) kidogo kwa hiyo ni ngumu zaidi, kwa chubwi haina neno, ila siku hizi vingi vimetengenezwa kwa zinki au chuma. Dawa yake ni moto wa wastani: risasi inayeyuka nyuzi 327, zinki mpaka 420, kwa hiyo ukikaa kwenye 350 hivi zinki itaelea nzima nzima unaitoa na kijiko.

Moldi mi natumia ya plasta, ile ya jasi, sio ya saruji. Chonga mfano wa chubwi kwa mti, uzamishe nusu kwenye udongo wa mfinyanzi, mimina plasta juu, ikiganda geuza, toa udongo, paka mafuta mgando, mimina upande wa pili, ikiganda fungua utoe mfano. Afu chonga mdomo wa kumiminia na vijinjia viwili vyembamba vya kutolea hewa. Kujua uzito mapema, jaza tundu maji upime: mililita 10 za maji ni kama gramu 113 za risasi.

Sasa hapa naomba msome taratibu. Moldi lazima ikauke, na kukauka sio kushika kwa mkono ukaona haina unyevu. Moldi yangu ya pili niliianika juani siku mbili, mkononi ilikuwa kavu kabisa, nikamimina. Ilikohoa kwanza, mlio kama wa mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, afu risasi yote ikarudi juu kwa mpigo mmoja. Tone moja liliganda kwenye kioo cha miwani mbele ya jicho langu la kulia, dogo kama punje ya mtama. Ile miwani ninayo mpaka leo. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na yakifungiwa chini ya risasi hayana pa kupita ila juu, usoni kwako.

Kwa hiyo oka moldi kwenye oveni nyuzi 120 hivi kwa masaa kadhaa, itoe upime kwenye mizani, irudishe, pima tena, uzito ukigoma kushuka ndo imekauka. Halafu ikiwa bado moto wekea kioo cha kujitazamia juu yake, kikipata ukungu rudisha. Kijiko nacho na vipande vya risasi vya kuongezea vipashe moto kwanza pembeni, usitumbukize kitu cha baridi kwenye risasi iliyoyeyuka.

Kuyeyusha fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, sufuria ya chuma, miwani, glavu za ngozi, shati la mikono mirefu, viatu vilivyofunika, sio ndala. Ikiyeyuka dondoshea kipande cha mshumaa, itatoa moshi na inaweza kuwaka kidogo, koroga, uchafu unapanda juu kama ukoko wa kijivu, uchote. Chini yake inang'aa kama kioo. Uso ukianza kugeuka rangi ya dhahabu afu zambarau, moto umezidi, punguza. Weka kitanzi cha waya kwenye moldi, funga kwa klampu, mimina mfululizo bila kusita, subiri dakika chache, fungua.

MASWALI

Swali: Mkuu nina betri ya gari imekufa, naweza kutoa risasi humo?
Hapana. Mle kuna asidi na unga wa risasi, na ukiyeyusha zile sahani zinaweza kutoa gesi zenye sumu kali. Peleka kwa wanaorejeleza betri.

Swali: Chubwi zangu zinatoka na makunyanzi, shida nini?
Moldi ya baridi. Mbili tatu za mwanzo huwa hivo, zirudishe kwenye sufuria, moldi ikipata moto zitanyooka.

Swali: Sufuria ya alumini ya jikoni je?
Usitumie, alumini inalegea kwenye joto hilo na siku moja kitako kitaachia. Na chombo chochote kilichoyeyushia risasi kisirudi kwenye chakula milele, hata ukikisugua vipi.

Swali: Mke wangu ni mjamzito na tuna mtoto wa miaka miwili, nikifanyia uani kuna shida?
Ndugu yangu, usifanyie hapo. Hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na kwa mjamzito inapita mpaka kwa aliye tumboni. Unga wake unabebwa na nguo na viatu, mtoto anatambaa anaweka vidole mdomoni. Tafuta sehemu mbali na nyumba, vua nguo za kazi kabla ya kuingia, zifue peke yake, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla hujamshika. Kama sehemu hiyo hamna, kwa sasa nunua tu za dukani.