SOMO: Kuweka ventileta bila kuumiza mapafu (soma kabla ya kuuliza "nimwekee 500?", yaani ml 500 za hewa kwa kila pumzi)

Swali hili haliishi humu, basi jibu lote ni hili. Ni la mtu mzima mwenye ARDS (mapafu yote mawili yamevimba na kujaa maji ghafla, oksijeni haipiti vizuri). Mgonjwa wa pumu ana hesabu zake, msimchanganye hapa.

1. Mrija wa kupumulia uko mahali pake, puto lake limejaa, kichwa cha kitanda kimeinuka nyuzi 30 hadi 45.

2. Pima urefu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu akinenepa mapafu hayakui, kwa hiyo kilo za kwenye faili weka kando. Kilo za hesabu zinatoka kwenye urefu. Mwanaume: 50 + 0.91 × (urefu kwa sm − 152.4). Mwanamke: anzia 45.5. Mama wa sm 155 anapata kilo 47.9 hata mizani ikisema 90. Mara ml 6 kwa kilo, ni ml 287 kwa pumzi. Ile 500 mliyoikuta asubuhi kwenye mashine ni zaidi ya ml 10 kwa kilo! Usikadirie kwa macho. Mnyooshe chali, chukua tepi ya fundi cherehani, utosi hadi kisigino. Amekunjamana au hana mguu? Pima ulna, kiwiko hadi kifundo cha mkono, usome urefu kwenye jedwali lake. Andika urefu na ujazo kwenye plasta, ubandike kwenye mashine, zamu inayofuata isianze kubahatisha.

3. Anza ml 8 kwa kilo, shuka moja moja ndani ya saa chache hadi 6. Ongeza idadi ya pumzi kufidia, mwisho 35 kwa dakika. Angalia pumzi ya kutoka inaisha kabla nyingine haijaingia, la sivyo hewa inajazana ndani.

4. Plato (presha ya mapafu hewa ikiwa imetulia): simamisha pumzi ikishaingia, nusu sekunde, usome. Isizidi sm 30 za maji, ikizidi, shuka hadi ml 5 kwa kilo, kisha 4. Plato toa PEEP (presha inayobaki mapafuni pumzi ikishatoka) ibaki chini ya 15. Mgonjwa anayejivutia pumzi atakupa namba ya uongo. Presha ya juu imepanda lakini plato iko sawa? Tafuta ute, mrija uliokunjika au meno yanayouma mrija.

5. PEEP na FiO2 (sehemu ya oksijeni kwenye hewa ya mashine) hupanda pamoja: FiO2 0.4 kwa PEEP 5–8, 0.5 kwa 8–10, 0.6 kwa 10, 0.7 kwa 10–14.

6. SpO2 (oksijeni ya damu kwa kipimo cha kidole) asilimia 88–95. CO2 ya damu ikipanda na pH (kipimo cha asidi ya damu) haijashuka chini ya 7.30, iache. Aliyeumia kichwa ni habari nyingine.

MASWALI

— Mkuu, wangu ana kilo 80, nimwekee ngapi?
— Hatua ya 2.
— Nimeiona, ila nina haraka.
— Sentimita ngapi?

— Mbona miaka yote tunaweka ml 10 kwa kilo na wagonjwa wanapona?
— Wapo wanaopona. Utafiti wa ARDSNet (mtandao wa watafiti wa ARDS) wa 2000 ulilinganisha ml 12 na 6 kwa kilo: vifo asilimia 39.8 dhidi ya 31. Ukiwa na hoja dhidi ya hizo, ilete.

— Samahani daktari, kwetu hatuna kipimo cha gesi za damu. Nitajuaje kama ni ARDS?
— Swali zuri, sista. Tumia vigezo vya Kigali (vya kutambua ARDS pasipo kipimo cha gesi za damu): gawa SpO2 kwa FiO2, ikiwa 315 au chini, na SpO2 yenyewe isizidi 97. Picha ya kifua au ultrasaundi ionyeshe mapafu yameathirika pande zote mbili, na chanzo kisiwe moyo peke yake. Mambo mawili zaidi. Kipimo cha kidole huweza kuzidisha kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mimi siridhiki na 88. Nalenga 92 na kuendelea. Pia Arusha tuko mita 1,400 hivi, oksijeni ya hewani ni pungufu kuliko Moshi, na Moshi pungufu kuliko Tanga. Vizingiti vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari msivibebe vilivyo.

— Nikinyonya ute SpO2 inaanguka na hairudi.
— Unachomoa mrija kwenye mashine, PEEP inapotea, mapafu yanasinyaa. Tumia katheta ya mfumo uliofungwa. Ukilazimika kuchomoa, bana mrija kwanza kwa koleo, tena kwa muda mfupi.

— Na umeme ukikatika?
— Ambu (mfuko wa kupumulisha kwa mkono) yenye vali ya PEEP ikae kitandani, si kabatini. Minya kwa mkono mmoja, kifua kiinuke kidogo tu. Mfuko wa mtu mzima unashika zaidi ya lita moja. Ukiukamua wote, ile 287 umeifuta.