Somo: kurekodi bendi ya kielektroniki inayobuni muziki jukwaani

Bendi kama The Disco Biscuits ya Philadelphia huwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yao, mradi wasiuze. Kwa muziki huu ruhusa hiyo ni hazina: wimbo uleule leo unaweza kwenda dakika 8, kesho 25, na usiporekodiwa umepotea. Pata ruhusa ya bendi na ya ukumbi, kisha mwone fundi mitambo mapema.

Hatua ya 1. Funga maikrofoni mbili za kadioidi (zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma) kwenye stendi ya mita 2.5, katikati ya spika mbili kuu. Vichwa viachane sentimita 17, pembe kati yake nyuzi 110. Ziingize chaneli 1 na 2 za kinasa.

Hatua ya 2. Chukua sauti ya mikisa (meza ya fundi ya kuchanganyia sauti), kushoto na kulia, uingize chaneli 3 na 4 za kinasa kilekile. Chagua "line", si "mic", la sivyo sauti itapasuka hata ukipunguza baadaye. Umeme wa volti 48 uwashe chaneli 1 na 2 tu, tena kama maikrofoni zako zinauhitaji.

Hatua ya 3. Biti 24, kHz 48. Vilele viishie desibeli 12 chini ya kikomo, maana mpiga sinthesaiza akifungua filta sauti hupanda ghafla. Zima kirekebisha sauti cha otomatiki. Kinameza mpando wote ambao bendi imeujenga. Chaneli nne hula takriban GB 2 kwa saa.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huharibu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni zikiwa mita 20 kutoka kwenye spika, zinachelewa milisekunde 58 nyuma ya mikisa. Ukichanganya hivyohivyo, kila pigo la snea (ngoma kali ya dramu) linasikika mara mbili. Kuza mawimbi, tafuta pigo moja kavu, chelewesha sauti ya mikisa mpaka mawimbi yalingane. Kisha geuza fazi ya mikisa (mawimbi yapinduke juu chini): besi ikinenepa, iache hivyo, ikikonda, irudishe.

Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti. MP3 hukata sauti za juu, na hazirudi.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nilitumia vinasa viwili. Mwanzo viko sawa, mwisho vimeachana. Kwa nini?*
Saa za ndani hazilingani. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni inafika milisekunde 72 kwa saa moja. Linganisha mwanzo na mwisho, kisha nyoosha faili moja.

*Rekodi ya mikisa dramu hazisikiki kabisa, fundi alikosea?*
Hapana, mkuu. Ukumbi mdogo dramu zinatosha zenyewe, hivyo fundi huzipitisha kidogo tu. Pandisha sauti ya maikrofoni unapochanganya.

*Nyimbo zimeunganishwa bila kusimama, nikate wapi?*
Kwenye pigo la kwanza la wimbo mpya, bila kufifisha. Kama ni kwa CD, kata kwa vizidishe vya sampuli 588 kwenye faili la sampuli 44,100 kwa sekunde, vinginevyo patasikika mlio mdogo kwenye kiungo.